Ukakasi wa Uraka

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, ukipita vijiji vya Nachingwea na Ruangwa unakutana na harufu ya mabibo kabla hujakutana na watu. Mabibo hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke. Huo ndio uraka. Niliwahi kuuelezea kwa Kiingereza katika insha. Niliandika kwamba uraka wa bibi yangu ulikuwa “sour”. Msomaji mmoja wa ughaibuni akaniuliza: kwa nini bibi aliwauzia watu pombe iliyoharibika?

Swali lilinichoma, maana kosa halikuwa la bibi. Yeye angesema uraka wake mkali, na kwake hiyo ni sifa. “Kali” yetu inabeba mengi kwa mpigo: uchachu, kilevi, hata moto wa kooni. Kiingereza kinakulazimisha uchague. “Strong” inahesabu kilevi. “Harsh” ni lawama. “Sour” inanukia maziwa yaliyosahaulika mezani. “Tart” ndilo linalosema uchachu unaopendeza, nami nililiruka kwa sababu shuleni hatukufundishwa.

Lililonishinda zaidi ni ukakasi. Bibo lina tanini, zile zile zinazokaza ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Kamusi inakupa “astringent”. Neno ni sahihi, ila linanuka maabara na chupa za losheni. Sijui nani angelitamka akiwa amekaa mkekani, kata mkononi. Waonja mvinyo wana “dry”, lakini kwao neno hilo kwanza ni kukosa sukari, na uraka wa asubuhi una utamu na ukakasi papo hapo. (Sisi ukakasi tumeuhamishia hadi kwenye siasa: kauli ya kiongozi nayo huleta ukakasi.)

Wapo wanaokimbilia matunda, kama lebo za mvinyo zinavyofanya. Hapo ndipo mtego ulipo. Andika kwamba uraka una ladha ya “cashew” uone: msomaji wa London atafikiria korosho ya kukaanga yenye chumvi, kitu ambacho hakifanani na bibo hata kidogo.

Nimeirudia sentensi yangu. Sasa inasema uraka ni “tart”, kisha: “it grips your tongue”. Hakuna neno la kamusi kubwa hapo, ila ulimi unashikwa. Kilevi sijakitaja. Chenyewe hujitambulisha baadaye, ukitaka kusimama.