Anayesoma Chuma

Guta, pikipiki ya mizigo yenye matairi matatu, likipinduka kwenye barabara ya Kahama na Kakola, wa kwanza kufika ni wapita njia na bodaboda, kisha askari wa usalama barabarani. Mkadiria hasara huja mwisho, wakati dereva yuko nyumbani au wodini, na chuma kimeegeshwa uwanjani kwenye kituo cha polisi kikingoja kuamuliwa. Huja na tochi, futikamba, simu ya kupigia picha na daftari. Mwenye guta humwona mtu aliyetumwa kupunguza pesa. Kampuni ya bima humtazama kwa shaka asije akaziongeza. Mimi naihesabu kazi yake miongoni mwa kazi stadi kabisa katika ukanda huu wa dhahabu, na inaniuma kwamba husifiwa mara chache.

Mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa 2001, huchimba chini ya ardhi kwa mitambo ambayo matengenezo yake huandikwa. Nje ya uzio, Kakola, Bugarama na Lunguya, riziki ya wengi hubebwa na pikipiki ya matairi matatu: viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hadi kwenye karasha ya kusagia, marudio yaliyobaki baada ya kusaga, madumu ya maji, magunia ya mpunga wakati wa mavuno. Guta la hapa aghalabu halina kumbukumbu zaidi ya kadi ya usajili, stika ya bima na yale anayoyakumbuka dereva. Maisha yake inabidi yasomwe mwilini mwake.

Na kinachotafutwa si bei ya kilicholala pale uwanjani. Mkadiria hulazimika kwanza kulisimamisha guta akilini mwake, lilivyokuwa saa moja kabla ya kupinduka, na kuuliza lingeuzwa kwa kiasi gani sokoni Kahama asubuhi ile. Anapima kitu ambacho hakipo tena. Kilomita zinazosomeka kwenye saa hazimsaidii sana, kwa sababu waya wa spidi hukatika mapema na wengi hawahangaiki kufunga mwingine. Kwa hiyo hutazama mpira wa pedali ya breki umelika kiasi gani, springi za nyuma zimelala vipi, tairi zimekwisha upande upi. Huchomoa kijiti cha oili na kuisugua oili kati ya vidole. Ikimeta kwa chembe za chuma, injini ilikuwa ikijisaga muda mrefu kabla ya siku ya ajali.

Lakini mahali pa kumpimia yeye mwenyewe ni shingo ya fremu, pale usukani unapoungana na chuma kinachobeba mzigo wote. Chuma kilichovunjika juzi bado hung'aa. Ufa wa zamani umeshika kutu, na vumbi la njia limeshaingia ndani yake. Mara nyingine mvunjiko mmoja una sura mbili: upande mmoja laini, wenye mistari iliyopinda, ambako ufa ulitambaa taratibu kwa miezi ya kubeba mawe kupita uwezo, upande wa pili wenye kukwaruza, ambako chuma kilichobaki kilishindwa mara moja. Je, ajali ndiyo iliyovunja shingo, au shingo ndiyo iliyoleta ajali? Mikataba ya kawaida hailipi kipande kilichochakaa chenyewe, ingawa madhara yaliyofuata huweza kulipwa. Hivyo ndani ya ule mvunjiko, eneo dogo kuliko kiganja, mtu huyu hutenganisha haki ya mteja na haki ya kampuni. Anayeharakisha hapo atadhulumu mmojawapo, na wala hatajua.

Halafu kuna bodi.  Sehemu kubwa yake ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Guta hutoka dukani na bodi nyepesi. Mwenyewe akishaona mawe ya maduara yalivyo, hulipeleka likapandishwe mbavu, likaongezewe bamba sakafuni na nondo chini. Fedha hiyo haimo kwenye risiti ya ununuzi. Mkadiria mvivu huandika “bodi imepinda” na kwenda zake. Aliye mahiri hupima unene wa bamba, hutazama mishono kama imeshika au imepakwa rangi tu, kisha humgeukia mwenye mali: “Mama, bodi hii ulichomelea kwa nani, na mlikatiaje bima, ikiwemo au bila yake?” Swali hilo la pili ni chungu. Bodi ambayo haikutajwa kwenye mkataba yaweza isilipwe, hata kama ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Msingi wa yote haya ni mkongwe. Mwaka 1883, katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua juu ya mtu aliyekubaliana kuuza nyumba, nyumba ikaungua kabla mauzo hayajakamilika, bima ikamlipa pauni 330, kisha mnunuzi naye akamlipa bei yote. Alitakiwa kuzirudisha zile za bima. Fidia humrudisha mtu alipokuwa. Haimpi zaidi wala pungufu. Wengi hukumbuka nusu moja tu ya kanuni hiyo, kila mmoja ile inayompendelea.

Hata hivyo aliyekata bima pungufu hulipwa pungufu, na hilo huwashtua watu zaidi kwenye hesabu ya uwiano, pale mkataba unapokuwa nayo. Tuseme guta lilikuwa na thamani ya shilingi milioni 4, lakini mwenyewe alilikatia bima ya milioni 3 ili apunguze ada. Matengenezo yakiwa shilingi 800,000, atalipwa robo tatu yake, yaani 600,000, kabla ya kuondoa kiasi anachobeba mwenyewe. Na kama guta lilinunuliwa kwa mkopo, mkopeshaji huenda akawa mbele yake kwenye foleni. Sioni aibu kusema kwamba mkadiria anayekaa chini na mwenye guta akamfafanulia hesabu hii kwa Kiswahili, kwa kalamu na karatasi, anamfanyia jambo ambalo halimo kwenye malipo yake.

Gharama za kutengeneza zikikaribia thamani ya guta zima, litahesabiwa kuwa limekwisha, na hapo inabaki bei ya mabaki. Injini nzima, difu, rimu mbili: vyote vina wanunuzi Kahama. Akiyapunja mabaki, atampa mtu faida kwa mlango wa nyuma; akiyakuza, mwenye guta aliyeamua kubaki nayo atakatwa fedha ambazo chuma hicho hakitamrudishia. Tena huandika namba ya fremu kwa uangalifu, maana kadi ya guta lililokufa ikiachwa mitaani inaweza kuvalishwa guta la wizi.

Ripoti yake njema huonyesha kila tarakimu ilikotoka: bei ya shokapu ni ya duka lipi na ya siku gani, uchakavu ulikatwa kwa alama ipi iliyoonekana, ufa ulipigwa picha upande upi. Mwenye guta anaweza kuifuata mstari kwa mstari na kuweka kidole mahali anapokataa. Asiporidhika, anaweza kulipeleka shauri lake kwa Msuluhishi wa Bima, na huko zitafunguliwa karatasi na picha zile zile.