Simba wa Kubandikwa Msituni

Ndugu waandishi chipukizi, tuambizane ukweli. Hadithi nyingi za wenzetu kuhusu ziara ya hifadhi ya msitu zinafanana kama mapacha. Mhusika anashuka garini, "msitu mnene" unamlaki, "ndege wa kila aina" wanaimba, halafu ghafla, simba! Pundamilia naye hakosi. Hapo mimi huuliza: bwana, huyu mwandishi alikwenda wapi?

Tuchukue Milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992, yenye kilometa za mraba 1,990. Mle hakuna barabara ya kuzungukia na gari; unakwenda kwa miguu. Kwa hiyo mhusika anayepiga picha dirishani mwa Land Rover amekwisha kufa ukurasa wa kwanza. Pundamilia naye anataka nyasi na uwazi. Chini ya mikangazi na mivule atakula nini?

Kasoro ya pili ni kuandika kwa macho matupu. Mimi ni mtu wa Issuna, Singida. Kwetu ardhi imelala wazi, mtu anayekuja unamwona kabla hujamsikia. Nilipofika Mang'ula na kupanda kuelekea maporomoko ya Sanje, ambayo yana kimo cha meta 170, mambo yaligeuka: unasikia kwanza, unaona baadaye, na pengine huoni kabisa. Tawi linatikisika, majani yanadondoka begani. Ni mbega mwekundu wa Iringa, ambaye hapatikani nje ya Tanzania, lakini wewe unaambulia mkia tu. Mwandishi anayemwonyesha mzima mzima kama picha ya kalenda amemnyima msomaji hamu ya kutafuta, na hamu hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

La tatu ni majina. Kuandika "nyani wa aina mbalimbali" ni uvivu. Mangabei wa Sanje alitambuliwa na watafiti mwaka 1979 hapo hapo Udzungwa. Kipunji alitangazwa kwa wanasayansi 2005, baada ya kupatikana huko Rungwe na katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Watafiti wa Rungwe walianza kumfuatilia kutokana na habari za wawindaji wa Kinyakyusa, na jina la wenyeji ndilo lililobaki. Mnaona? Wasomi wameazima neno kwa mwindaji, sisi tunaoandika Kiswahili tunaona uzito hata kuuliza!

La mwisho ni watu. Misitu ya hadithi zetu haina majirani. Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa kando ya Udzungwa waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Kisha ruhusa ikafutwa. Hapo pana riwaya nzima, jamani, na kila upande una haki yake: msitu unaotunza maji ya mito, na mama ambaye jiko lake linataka kuwaka jioni hii. Sisi tunakimbilia simba.

Mkazi wa Mang'ula naye ni msomaji. Akimkuta simba wetu kajilaza chini ya mkangazi pamoja na pundamilia, atacheka, atafunga kitabu. Siku tutakapoandika kweli tupu juu ya kuni zake, nani atamrudisha atuamini?