Kisa cha Nabii Lut, Kitabu cha Kugle, na Neno Tulilolikosa

Mapema mwaka 2025 mwanafunzi mmoja wa darasa langu la tafsiri aliniletea habari ya gazeti la Kiingereza aliyotaka kuigeuza iwe ya Kiswahili, akaniambia kuwa amekwama katika sentensi ya kwanza. Habari yenyewe ilikuwa ya kuuawa kwa Imamu Muhsin Hendricks, aliyepigwa risasi akiwa ndani ya gari tarehe 15 Februari katika kitongoji cha Bethelsdorp, mjini Gqeberha, Afrika ya Kusini, naye ana umri wa miaka 57. Marehemu alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu aliyetangaza hadharani tangu mwaka 1996 kwamba yeye hupenda wanaume wenzake, na kwamba jambo hilo halikumtoa katika dini yake. Mwanafunzi aliandika kwanza "imamu shoga", akafuta. Akaandika "imamu mlawiti", akafuta. Akaandika "imamu hanithi", akafuta. "Mwalimu," akasema, "kila neno ninalolishika lamhukumu mtu huyu kabla sijafika kwenye habari yake."

Hakukosea. Shoga ni neno ambalo wanawake wa pwani waliitana kwa urafiki, tena urafiki wa kuaminiana. Wanaume wamelichukua wakalifanya tusi. Hanithi limetoka katika Kiarabu, nalo kwetu huchanganya mambo mawili yasiyo na udugu wa lazima: mwenendo wa kike na udhaifu wa kiume, na Hendricks alikuwa amekwisha kuoa na kuzaa kabla ya kuachana na mkewe. Ama mlawiti ndilo zito kuliko yote. Wanafikihi wa Kiarabu walitunga neno liwati kutokana na jina la Nabii Lut mwenyewe, jambo ambalo msomaji akilitafakari huona ajabu yake, kwa kuwa Nabii alikuja kukataza, na jina lake likabandikwa kwenye kilichokatazwa, kana kwamba wizi ungeitwa kwa jina la kadhi. Neno hilo halimo katika Qurani. Lilipoingia katika Kiswahili likawa kitenzi chenye kudai yambwa: fulani amemlawiti fulani. Tazama magazeti yetu uone kitenzi hiki kinakaa wapi. Kinakaa katika habari za mahakamani, na anayetendwa aghalabu ni mtoto. Umbo la kutendana, ambalo Kiswahili hulitoa kwa wepesi kwa kupenda, kupiga na hata kuua, halisikiki sana hapa. Basi kumwita mtu mlawiti ni kusema kuwa yupo aliyeonewa.

Nimelitanguliza neno kwa sababu kitabu ninachotaka kukipima, Homosexuality in Islam cha Scott Siraj al-Haqq Kugle, kilichotolewa mwaka 2010, ni kitabu cha maneno kabla ya kuwa kitabu cha sheria. Kugle ni mwanachuoni wa Kimarekani aliyesilimu, akasomesha katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Si mtu wa kubeza, kwani amezisoma tafsiri, Hadithi na fikihi kwa lugha yake, na anajua kuwa anabishana na umma mzima wa wanavyuoni waliomtangulia. Dai lake, kwa ufupi, ni kwamba Qurani haikumlaani mtu kwa kuumbwa na tamaa ya jinsia yake, na kwamba kisa cha watu wa Lut kimesomwa vibaya.

Nikiri kwamba kisa hiki sikukisoma vizuri hata mimi. Mwalimu wetu wa chuo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kufafanua kila kitu, lakini tulipofika kwenye aya hizi alizidisha mwendo, nasi tukamfuata mbio. Kugle ampunguza msomaji mwendo. Azikusanya sehemu ambamo kisa kimetajwa, katika sura ya Al-Aaraf, Hud, Al-Hijr, Ash-Shuaraa, An-Naml, Al-Ankabut na Al-Qamar, kisha auliza: watu hawa walikuwa wakifanya nini hasa? Walimkadhibisha Mtume wao. Waliwavamia wageni waliokuwa chini ya ulinzi wa mwenyeji. Walikata njia za wasafiri, na walitenda maovu katika mabaraza yao. Kwake yeye, kosa linalounganisha yote haya ni dhuluma, na tendo la mwili lilikuwa silaha ya kuwadhalilisha wageni na kuvunja utume wa Lut. Atoa na hoja ya mke wa Lut: naye aliangamia, hali hawezi kushitakiwa kwa tendo la wanaume kwa wanaume, basi adhabu ilishuka kwa jambo pana zaidi.

Kwa msomaji wa Kiswahili sehemu hii ina kichekesho chake cha huzuni. Kugle ajitahidi kurasa nyingi kuthibitisha kuwa kosa la watu wa Lut lilikuwa la kushurutisha, na kitenzi chetu kimekwisha kusema hivyo bila kuulizwa. Lakini hatuwezi kushangilia. Kitenzi kile kile hutumika pia kwa watu wawili wasioshurutishana, na hapo hubeba jeuri isiyokuwapo.

Hata hivyo siwezi kusema kuwa usomaji huu umenitosheleza. Hoja ya mke haina nguvu anayoipa. Qurani yenyewe, katika sura ya At-Tahrim, yamtaja kwa hiana kwa mumewe, na mwenye kusaidia uovu huadhibiwa na waovu bila ya kuwa amefanya tendo lao. Zaidi ya hayo, aya za Al-Aaraf na An-Naml hazikuishia kwenye uvamizi. Zataja matamanio, na zataja kuwaendea wanaume badala ya wanawake. Kugle ajibu kuwa wanaosemezwa ni wanaume wenye wake zao, walioacha halali yao ili kuwaonea wengine. Jibu hili lina werevu, bali ni jibu la mtu aliyeona aya inamkabili na kutafuta njia ya pembeni. Mobeen Vaid, aliyemjibu kwa urefu mwaka 2016, alishika hapa hapa, na kwa maoni yangu alishika pazuri. Neno fahisha nalo halimsaidii Kugle kama anavyotaka. Ni kweli kuwa maana yake ni kupita mpaka, na kuwa Qurani imelitumia kwa zinaa na kwa kuoa wake wa baba pia. Kwa hiyo si jina la tendo moja. Lakini neno linalotumika kwa makosa mengi haliachi kuwa neno la kosa.

Kitabu kinapata miguu kinapotoka katika kisa na kuingia katika Hadithi na fikihi. Hapa ndipo ningemtaka kila mwanafunzi wa dini asome, akubali au akatae. Hadithi inayoamuru kuuawa kwa mwenye kutenda na mwenye kutendwa, ipokewayo kwa njia ya Ikrima kutoka kwa Ibn Abbas, imo katika Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Maja, lakini haimo katika Bukhari wala Muslim, na wanavyuoni wa zamani wenyewe walijadili wapokezi wake. Abu Hanifa hakuona kuwa kosa hili lina hadi iliyowekwa. Aliliacha kwenye taaziri, yaani busara ya hakimu. Ibn Hazm wa Andalusia, mtu asiyeweza kushitakiwa kwa ulegevu, naye alikataa adhabu ya kifo. Malik aliona kupigwa mawe. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi wetu huku pwani, kauli iliyoshika nguvu yaliweka katika mizani ya zinaa, pamoja na mashahidi wanne wanaojulikana jinsi walivyo wagumu kupatikana. Mtu aliyelelewa akidhani kuwa hukumu ilikuwa moja tangu siku ya kwanza hushituka akiiona ikhtilafu hii. Na si jambo la kitabuni tu: aliyemwaga damu kule Gqeberha, awe nani na awe na sababu gani, hana imamu katika wanne anayemruhusu kukaa kando ya njia na kuwa shahidi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa saa moja.

Kosa la Kugle ni kwamba akishapata ushindi huu halali, auvusha mto usio wake. Ikhtilafu aliyoionyesha ni ya adhabu. Katika uharamu wa tendo lenyewe maimamu hao hawakutofautiana, Abu Hanifa na Ibn Hazm wakiwamo. Mtu aweza kusema kuwa walikosea wote. Hiyo ni kauli nzito, na msemaji hana budi kuibeba waziwazi. Kugle huelekea kuisema huku amewaweka wazee wale wawili mbele yake kama ngao.

Afadhali kuliko hapo ni pale anapotenga maumbile na tendo. Akumbusha kuwa Madina ya wakati wa Mtume ilikuwa na wanaume wenye mwenendo wa kike, mukhannathuna, walioingia majumbani mwa wanawake. Na mmoja aliyezuiwa kuingia, alizuiwa baada ya kusikiwa akimsifia mwanamume umbo la mwanamke. Everett Rowson aliyachunguza mambo haya mwaka 1991 katika makala yaliyo mafupi na makini. Sura ya An-Nur nayo yawataja wanaume wasio na haja ya wanawake, bila ya kuwakemea. Ni kidogo, lakini ni kidogo kilichopo.

Miaka minne baadaye, mwaka 2014, Kugle alitoa Living Out Islam, kitabu cha mazungumzo na Waislamu wa namna hii katika Marekani, Kanada, Uingereza, Uholanzi na Afrika ya Kusini. Hendricks ni mmoja wao. Naona kuwa kitabu hiki ni bora kuliko cha kwanza, ijapokuwa wanavyuoni hawakukijadili sana, kwa sababu mwandishi aacha kushinda na kuanza kusikiliza. Hendricks alizaliwa Cape Town katika nyumba ya dini, babu yake alikuwa imamu; akaenda kusoma Karachi; akarudi, akasomesha, akaoa, akaachana; na alipojitangaza akapoteza nafasi yake ya kusomesha. Alifungua nyumba ya ibada Wynberg na kuiita Masjidul Ghurbaah, msikiti wa wageni. Jina hili limechaguliwa na mtu ajuaye Hadithi: Uislamu ulianza mgeni. Katika filamu ya Parvez Sharma ya mwaka 2007, A Jihad for Love, yuko garini na wanawe wakizungumza juu ya kupigwa mawe, nao wanamjibu kama watoto wanavyojibu, bila ya fikihi yoyote. Aliyeiona sehemu ile baada ya Februari 2025 hawezi kuiona kama alivyoiona kwanza.

Yafaa kukumbuka huo mji aliotoka. Waislamu wa Cape wengi wao ni wazao wa watumwa na wahamishwa walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Mashariki; msikiti wao wa kwanza ni wa mwaka 1794, na walikiandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu walivyokiandika Kiswahili. Si watu wapya katika kubishana juu ya dini. Baraza lao la wanavyuoni lilipinga mafundisho ya Hendricks hata mwisho, na alipouawa lilirudia kuwa yanapingana na Uislamu, na papo hapo likalaani mauaji yake. Wako waliosema kuwa kauli hiyo ni baridi. Mimi naiona kuwa ni kauli ngumu kuisema vizuri, nao waliisema.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya juma moja. Nilikuwa nimemshauri atumie "mapenzi ya jinsia moja", maneno mapya yasiyo na tusi ndani yake, lakini akanionyesha ila yake: yataja mapenzi, hayataji mtu, hayazai jina la mtendaji ila kwa kuzungusha maneno. Sentensi yake ya kwanza sasa ilikuwa imeanza na "Imamu Muhsin Hendricks", ikafuata khabari ya risasi, na mji, na tarehe. Kisha, katika sentensi ya pili, kirejeshi kirefu: ambaye tangu mwaka 1996 alisema wazi kwamba hupenda wanaume, na kwamba yeye ni Mwislamu. Nilimsahihisha h moja katika neno khabari, tukaendelea na aya iliyofuata.