Ufundi wa Kungoja Gizani

Mawimbi ya mvutano ni mtikisiko wa anga lenyewe, wala si wa kitu kilichomo ndani yake. Vitu vizito vinapozungukana kwa kasi, umbali wenyewe hunyooka na kujikunja, na msukosuko huo husafiri kwa mwendo wa mwanga, ukipita katika nyota, milima na miili ya watu bila kuzuilika. Albert Einstein aliyabashiri mwaka 1916. Kutozuilika huko ndiko kunakoyapa thamani. Mwanga wa kale kuliko wote unaoweza kuonekana leo ulianza safari yake ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa ukungu wa moto usiopenyeka kwa mwanga. Mawimbi ya mvutano yaliupenya. Anayetafuta habari za mwanzo wenyewe, miaka bilioni 13.8 iliyopita, hawezi kumpata mjumbe aliyetoka mapema kuliko huyo.

Wimbi la namna hii halionekani. Hujulikana kwa kile linachokitikisa. Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kutoka Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, wanaishi juu ya wimbi linalofanana nalo kwa jambo hilo moja. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, pepo za kusini huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Pepo zikilegea, mpaka kati ya maji hayo na maji baridi ya chini huanza kupanda na kushuka taratibu, kama maji ya beseni lililoguswa, na pigo moja huchukua wiki tatu hadi nne. Uso wa ziwa unaweza kuwa shwari kabisa huku chini maji yakipanda makumi ya mita. Rutuba inayopandishwa hulisha vijimea na wadudu wa majini, na hao huwalisha dagaa, ambao Warundi huwaita indagala. Nyuma ya dagaa huja mukeke, anayewawinda. Hivyo wimbi ambalo hakuna aliyeliona huishia kwenye sahani, pamoja na ugali.

Mvuvi wa Rumonge wa enzi ya karabai aliumiliki ufundi wa kulisoma wimbi hilo bila kuupa jina. Usiku wa mwezi mpevu mitumbwi ilibaki ufukweni, kwa kuwa mbalamwezi huwatawanya dagaa na taa haiwavuti. Usiku wa giza walitoka. Taa ikawashwa, na baada ya hapo kazi ikawa kungoja. Hakukuwa kungoja kwa uvivu. Macho yalikaa kwenye duara la mwanga, masikio yakaupima upepo unaoteremka kutoka milimani kuelekea majini. Kuna mlio wa maji yanayogonga ubavu wa mtumbwi, kuna mng'ao wa povu, kuna kivuli cha wingu. Na katikati ya hayo yote kuna badiliko dogo la rangi ya maji linalosema kwamba kundi limepanda. Kijana asiyefundwa huona maji tu. Mkongwe ameshayajua maji yote ambayo si samaki, na ndiyo maana samaki akifika humtambua.

Ufundi wa kupima mawimbi ya mvutano umesimama juu ya msingi huohuo. Mwaka 1972 Rainer Weiss, mwanafizikia wa Marekani, aliandika ripoti iliyoeleza jinsi leza na vioo vingeweza kuyanasa. Sehemu yenye uzito katika ripoti hiyo ni orodha ya kelele: tetemeko la ardhi, joto la vioo, msukumo wa mwanga wenyewe, kila moja ikikadiriwa kabla chombo hakijajengwa. Vyombo vya LIGO vilivyotokana na kazi hiyo viko Hanford na Livingston nchini Marekani, kila kimoja na mikono miwili ya kilomita 4. Kila kioo kikuu kina uzito wa kilo 40 na kinaning'inia kwenye nyuzi nne za kioo safi, kila uzi ukiwa na unene wa milimita 0.4. Kuvuta uzi kama huo bila kuuachia hata mkwaruzo mdogo ni kazi ya mikono iliyotulia, sawa na kazi ya seremala wa mitumbwi anayeziba nyufa kabla maji hayajazigundua.

Tarehe 14 Septemba 2015, miaka 43 baada ya ripoti ile, mikono ya LIGO ilitikisika kwa sehemu ya tano ya sekunde. Urefu wake ulibadilika kwa chini ya sehemu moja ya mia ya upana wa protoni. Mashimo meusi mawili yalikuwa yamegongana na kuungana miaka bilioni 1.3 iliyopita. Habari hiyo iliaminika kwa sababu kelele zilikuwa zimekwisha kujulikana kwa majina. Hata kunguru hawakusahauliwa: mwaka 2017 mitikisiko isiyoeleweka kule Hanford ilifuatiliwa mpaka ikagundulika kuwa kunguru wenye kiu walikuwa wakidonoa barafu kwenye bomba la mtambo.

Haraka, kwa upande wake, imekwisha kuaibisha. Tarehe 17 Machi 2014 kundi la BICEP2, lenye darubini katika Ncha ya Kusini, lilitangaza kuwa limeona alama ya mawimbi ya mwanzo wa ulimwengu katika mwanga ule wa kale. Dunia ilishangilia. Januari 2015, baada ya vipimo vyao kulinganishwa na vile vya chombo cha angani cha Planck, ilibainika kwamba sehemu kubwa ya alama hiyo ilitoka kwenye vumbi la Njia Nyeupe, kundi la nyota ambamo dunia hii imo. Walikuwa hawajayajua vya kutosha maji yasiyo samaki.

Afrika ina mkono wake katika kazi hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kupima eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kukifanya kitu hicho kuwa shimo jeusi la kwanza kukubalika na wengi. Jina hilo lilistahili kuwemo katika kila kitabu cha sayansi cha Afrika Mashariki. Kusini zaidi, katika nyika ya Karoo nchini Afrika Kusini, antena 64 za darubini ya MeerKAT hupima mapigo ya nyota zinazojizungusha kwa ukawaida wa saa. Wimbi refu likipita, mapigo huwahi au huchelewa kidogo. Mwaka 2023 watafiti wa Amerika Kaskazini walitangaza dalili za mvumo wa mawimbi ya aina hiyo baada ya miaka 15 ya kuhesabu, na Desemba 2024 MeerKAT ikaongeza ushahidi wake kutoka nyota 83. Huenda mvumo huo unatoka kwa jozi za mashimo meusi makubwa. Huenda sehemu yake ni ya mwanzo wa ulimwengu. Kuutenganisha ndiyo kazi iliyobaki. Afrika Kusini iliulinda ukimya wa Karoo kwa sheria ya mwaka 2007, na hilo ni jambo la kujivunia.

Chombo kijacho cha kuyapima mawimbi haya, LISA, kimepangwa kurushwa angani mwaka 2035: vyombo vitatu vilivyoachana kwa kilomita milioni 2.5, vinavyotarajiwa kuweza kunasa mawimbi ya wakati ulimwengu haujatimiza hata sehemu ya bilioni ya sekunde.

Ziwa Tanganyika halijapewa ulinzi wa kiasi kilichopewa Karoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji ya juu yanapopata joto huchanganyika kwa shida na maji ya chini, na kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Taa zimeongezeka, matundu ya nyavu yamekuwa madogo, na mwenye mwanga mkali huona hana haja ya kujua mwezi umefikia wapi. Mkongwe wa karabai hakuandika alichokijua. Kilikaa machoni na masikioni mwake, na kila anapozikwa mmoja, kinazikwa naye. Mawimbi ya mwanzo wa ulimwengu, kwa upande wao, yangali yanapita Rumonge usiku na mchana, na hadi sasa hakuna chombo kilichothibitika kuyanasa.