Mbona huyu ana jina na hawa hawana?

Watoto wa dada yangu walikuja kukaa kwangu likizo iliyopita, na mama yangu, bibi yao, naye alikuwepo. Nikajifanya mjanja. Nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye mkusanyo wa picha za Afrika Mashariki wa Humphrey Winterton, uliopo maktaba ya Herskovits, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Picha zaidi ya 7,500, za kati ya mwaka 1860 na 1960, na kuziangalia ni bure. Babu yao alikuwa mtu wa reli Tabora, na mkusanyo huu una picha za ujenzi wa reli. Nikawaambia, leo tunawatafuta wazee wetu.

Yule mkubwa, mwenye miaka 11, alitazama kama dakika kumi hivi. Kisha akauliza: "Mamdogo, mbona huyu mzungu ana jina na hawa hawana?"

Hapo nikakwama. Lakini swali lake ndilo uhakiki wenyewe. Sisi wasomaji tumezoea kuitazama picha na kuyapita maneno ya chini yake, wakati maneno yale nayo ni maandishi yenye kanuni zake. Mzungu huandikwa jina na cheo. Mwafrika, mara nyingi, huandikwa kazi au kabila: mpagazi, askari, mwanamke wa mahali fulani. Albamu nyingi za namna hii zilikuwa za maofisa na wasafiri waliotaka kuwaonyesha watu wa kwao walikofika. Hawakuwa wakitunza ukoo wa mtu, isipokuwa wao wenyewe. Kwa hiyo anayeingia humo kutafuta sura ya babu, aingie akijua atatoka mikono mitupu. Hifadhi ya picha za koloni ya Kijerumani, iliyoko Frankfurt, ni hivyo hivyo, na yenyewe inataka uvumilivu zaidi: Mwanza jaribu kuitafuta kama "Muansa", na Dar es Salaam kama "Daressalam".

Nilikuwa karibu kufunga kompyuta, mama akasema, "Hebu rudisha ile nyumba."

Ilikuwa tembe. Nyumba ya udongo, paa bapa, mlango mfupi. Mama akavuta kiti. Akasema kwa bibi yake walilala kwenye nyumba kama ile, mbuzi upande wa pili wa ukuta, na mvua kubwa ikinyesha watu wazima walipanda juu kuliangalia paa. Wale watoto wakaacha kioo, wakamgeukia yeye. Eti mbuzi walikuwa wangapi? Walikuwa na majina? (Walikuwa nayo. Mama anayakumbuka mawili.)

Mimi nina zaidi ya miaka thelathini, mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na habari ya tembe ile sijawahi kuisikia. Sikuwahi kuuliza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye watoto ni mdogo tu: usianze na sura, anza na vitu. Nyumba, nguo, mtungi, jembe. Na mzee awepo chumbani. Bila yeye, zile ni picha za watu wengine.

Jioni mama akatoa kopo lake la biskuti lenye picha za studio. Nyuma ya nyingi hakuna kitu. Tukachukua moja ya wanawake wanne waliovaa sare, yule mdogo akashika penseli, mama akataja majina. Matatu yakaja. La nne likagoma. Mtoto, kwa nia njema kabisa, akaandika "mwanamke".

"Futa hiyo," mama akasema.

Akafuta, akaacha nafasi. Tumempigia mama mkubwa Tabora mara mbili, simu inaita tu. Kesho tunajaribu tena.