Duara na Herufi: Uhakiki wa Chapa ya ITC Bauhaus

Chapa iitwayo ITC Bauhaus ilitolewa mjini New York mwaka 1975, wachoraji wake wakiwa Ed Benguiat na Victor Caruso. Jina lake latokana na shule ya sanaa na ufundi iliyoasisiwa na Walter Gropius huko Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na kufungwa mwaka 1933. Asili yake ni alfabeti aliyoibuni Herbert Bayer mjini Dessau mwaka 1925 na kuiita universal. Twakusudia kuitazama kwa jicho la msomaji wa Kiswahili, maana herufi za Kirumi ndizo tuandikazo, na sura yake yatuhusu kama itutuhusuvyo tahajia.

Hoja ya Bayer ilikuwa ya kiisimu kabla ya kuwa ya kisanaa. Yeye aliona ni ubadhirifu sauti moja kupewa alama mbili, kubwa na ndogo, ilhali kinywa hakizitofautishi. Basi akazifuta kubwa, na ndogo akazijenga kwa duara na mstari. Kwa Wajerumani, ambao kila nomino yao huanza kwa herufi kubwa, pendekezo hilo lilikuwa zito. Mswahili hangeshtuka: hati za Kiarabu zilizotuhifadhia tenzi hazikuwa na herufi kubwa kamwe. Hata hivyo, hati hizo hizo zaidhoofisha hoja yake, kwani humo herufi hubadilika umbo kwa kufuata mahali ilipo katika neno, wala msomaji hapotei. Wingi wa maumbo si mzigo kama Bayer alivyodhani.

Benguiat na Caruso waliirudisha herufi kubwa. Hivyo walilihifadhi jina na duara, wakaitupa hoja. (Hatuwalaumu, wateja wa matangazo hawakuwa wakitafuta falsafa.) Walichoongeza ni yale mapengo membamba ambapo tumbo la herufi halikutani na mguu wake, nayo ndiyo yanayoipa chapa hii uchangamfu wake wote.

Sasa tuyatazame maneno baba, dada na papa. Katika chapa hii b, d na p ni tumbo moja, mguu tu ndio uhamao. Ufanano huo peke yake si aibu: katika hati ya Kiarabu be, te na the zina kiwiliwili kimoja, zikitenganishwa na nukta. Lakini nukta husimama mbali na kiwiliwili, ikaonekana. Katika Bauhaus iliyo nene alama ya kutenganisha hunenepa pamoja na mwili, na uwazi wa ndani husongwa. Anayeumia zaidi ni a, ambayo hapa ni o iliyoongezewa mguu mfupi. Kiingereza chaweza kuvumilia hilo. Kiswahili, ambacho irabu hiyo hujaa karibu kila neno, hakiwezi. Toka na taka, bora na bara, hutengana kwa kijiti tu.

Kwa jalada lenye maneno mawili au matatu makubwa, chapa hii ni nzuri kweli, na twaipendelea kuliko herufi nyingi zenye vijimkia zitumiwazo kwa mazoea. Lakini kwenye kitabu cha kisomo cha watu wazima, hata jaladani, tusingeiruhusu: mwanafunzi ambaye bado anajifunza kutenga b na d hana neno jirani la kumsaidia kukisia.