Kanopi ya Gari Jingine

Kanopi, kile kifuniko cha bodi ya pikapu, ikifika Kilindoni, kisiwani Mafia, huwa imeshatembea. Imevuliwa kutoka pikapu iliyochoka huko bara, ikauzwa Gerezani, Dar es Salaam, ikapanda lori hadi Nyamisati, kisha ikavuka bahari ikiwa kichwa chini, imejazwa magunia ili nafasi isipotee. Gari linaloisubiri nalo ni mtumba wa Japani au wa Thailand. Viwili hivi havikukusudiwa kukutana, na kinachobaki ni kumtafuta fundi.

Fundi huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Tumezoea kumpa sifa anayeanza na mti mzima au bati jipya. Aliyeunda jahazi anatajwa hadi na wajukuu wa nahodha, lakini aliyeifanya kanopi ya gari jingine ikae juu ya gari hili bila kuvuja hulipwa na kusahauliwa. Kwangu mimi, kazi ya huyu wa pili ndiyo ngumu zaidi. Muunda chombo hujipangia vipimo, akipunguza huku ataongeza kule. Huyu amekuta vipimo vya watu wawili ambao hawajawahi kuzungumza, na wote wawili lazima waridhike.

Tazama anavyopima. Urefu ndio rahisi: bodi ya Hilux yenye milango minne ina kama mita moja na nusu, ya kebini fupi inapita mita mbili, na kanopi ya hii kwa ile kila mtu anaona haifai. Ugumu umo kwenye upana. Bodi ya pikapu si sanduku. Mbele na nyuma mara nyingi hazilingani, kingo za juu zina mwinamo, na miaka ya kubeba mawe na nazi imezisukuma mbavu nje. Kwa hiyo fundi anapima mbele, katikati na nyuma, kisha anapima kona kwa kona, kutoka upande mmoja wa kebini hadi upande wa pili wa mlango wa nyuma. Namba mbili za kona zikipishana, bodi imepinda. Habari hiyo lazima aijue kabla hajawasha grenda.

Kisha anaiinua kanopi juu ya bodi kwa vipande vya mbao hadi jicho lake likubali kwamba imekaa sawa. Anachukua kijiti, anakifunga penseli, na kukiburuta juu ya ukingo wa bati kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila bonde na kila uvimbe wa bodi unajichora wenyewe kwenye faiba. Anakata kwa kuufuata mstari huo, akibakiza kidogo cha kumalizia kwa msasa. Mafundi wa majahazi huoanisha ubao na ubao kwa njia hiyohiyo, na sishangai kuikuta kwenye gari.

Kanopi ikiwa nyembamba mno, wapo mafundi wenye moyo wa kuipasua katikati kwa urefu wake, wakazitenganisha nusu mbili na kuliziba pengo kwa faiba mpya. Hapo joto la kisiwa linakuwa adui. Rizini iliyochanganywa na hadina nyingi katika jua la saa sita huganda ndani ya kopo kabla brashi haijafika. Fundi anayejua huchanganya kidogo kidogo, tena asubuhi. Anakwangua rangi ya zamani mpaka faiba yenyewe ionekane, maana rizini haishiki penye mng'aro. Na anafunga pua na mdomo. Vumbi la faiba ni vioo vidogo vidogo, na ningependa kila kijana aliye gereji alichukulie jambo hili kwa uzito.

Baada ya hapo inakuja vita na chumvi. Kilindoni upepo wa bahari haulali, na mvua ya Mafia hufika karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Kila tundu linalotobolewa kwenye bodi ni mlango wa kutu, kwa hiyo penye nafasi fundi huikamata kanopi kwa jiriwa zinazobana ukingo kwa ndani. Akilazimika kutoboa, hupaka rangi kingo za tundu kabla ya kupitisha bolti. Fremu ikiwa ya alumini haiweki juu ya chuma kikavu, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Katikati hulaza mpira, mara nyingi uliokatwa kwenye tyubu la tairi.

Lililo gumu kuliko yote halionekani kwa macho. Kebini na bodi zimekaa mbalimbali juu ya chesisi, na gari likishika njia mbovu ya kijijini kila kimoja huyumba kivyake. Asiyejua huiunganisha kanopi na kebini kwa bolti ili itulie, na baada ya muda faiba inapasuka. Anayejua huacha pengo na kulijaza mpira laini unaokubali kubonyea. Katika visiwa vyetu elimu hiyo ni ya kale. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unataja kisiwa cha Menouthias na vyombo vyake vilivyoshonwa. Wapo wataalamu wanaosema kisiwa hicho ni Mafia, wengine wanataja Unguja au Pemba. Mtepe uliendelea kushonwa pwani hii hadi karne ya 20, ukijikunja na wimbi badala ya kushindana nalo.

Miji mikubwa nayo ilipitia ufundi huu. Kabla watu binafsi hawajaruhusiwa kusafirisha abiria Dar es Salaam mwaka 1983, shirika la mabasi la UDA likiwa limezidiwa, chai maharage zilibeba watu wakiwa wametazamana kwenye mabenchi ya pikapu. Nairobi ilikuwa na Peugeot 404 zilizofunikwa nyuma, zikawa matatu. Magari hayo yalipita mikononi mwa mafundi ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Penye abiria nyuma, fundi mwema hafungi kazi bila kufikiria moshi. Gari likienda, hewa hurudi nyuma yake na kuuvuta moshi wa ekzosi ndani kupitia mlango wa nyuma usiofungika vizuri. Anauzungushia mlango ule mpira, na dirisha la mbele la kanopi analiacha liweze kufunguka. Mwisho anaingia ndani, anafungiwa, na kijana anammwagia maji juu ya paa huku yeye akipapasa kingo kwa vidole.

Siku chache baadaye gari linarudi. Mpira umebonyea kwa uzito, na nati zilizokuwa ngumu sasa zinazunguka kwa mkono.

"Fundi, imeharibika?"

"Hapana, mwanangu, ndiyo kwanza inakaa."

Anachukua spana, anaanzia upande wa kebini, kushoto kisha kulia, akipishana hivyo hadi zote zikaze sawa. Kazi hiyo haitozi. Aliihesabu kwenye bei tangu mwanzo.